Viboko havikuwarudisha manyani kuwa watu

Jioni moja mwaka jana nilirudi nyumbani Katoro nikitokea Rwamgasa, ambako nilishinda kutwa nikizungumza na wachimbaji wadogo kuhusu madhara ya zebaki. Daftari langu lilikuwa limejaa. Nilipoingia jikoni nilimkuta mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 11, amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa. Juu ya makaa aliweka kifuniko cha kopo la dawa ya viatu, na ndani ya kifuniko kulikuwa na donge la kijivu, dogo kuliko punje ya mahindi.

Alikuwa anachoma zebaki. Hatua chache kutoka hapo alikaa mama yangu, yaani bibi yake, akichambua mchele.

Kwa mzazi anayesoma akiwa mbali na machimbo, nieleze kidogo. Mchimbaji mdogo akishasaga mawe kwenye karasha na kuyaosha mwaloni, huchanganya zebaki na mchanga ule ili ishikamane na chembe za dhahabu. Linapatikana donge. Donge likichomwa, zebaki hugeuka mvuke na dhahabu hubaki. Mvuke huo hauonekani wala haunuki, na ukivutwa huingia mapafuni, kisha kwenye damu, ukaumiza mishipa ya fahamu na figo. Mtoto ambaye ubongo wake bado unakua huumia zaidi. Shirika la Afya Duniani limeiweka zebaki kwenye orodha ya kemikali 10 zinazotishia zaidi afya ya umma.

Haya yote niliyajua. Niliyaandika gazetini zaidi ya mara moja. Na mtoto ninayelala naye nyumba moja alikuwa anayafanya jikoni kwangu.

Nilimtoa bibi nje, nikafungua mlango na dirisha, nikamvuta mtoto hadi uani. Nilipombana alisema zebaki aliuziwa na kijana mkubwa huko mwaloni, na mchanga aliuosha mwenyewe kutoka kwenye marudio, ule mchanga ambao wakubwa wamekwisha kuuchuja. Pesa alitoa wapi? Akanyamaza. Nikaenda kwenye kabati. Kwenye kopo la maziwa ambamo bibi huweka pesa za dawa zake za presha, shilingi 30,000 hazikuwamo.

Nikakata fimbo ya mwarobaini nikamchapa. Nilimchapa usiku ule, na kesho yake jioni nilipokumbuka nikamchapa tena.

Kitabu tulichokuwa tukisoma

Wiki chache kabla ya hapo nilikuwa nimeanza kumsomea Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1952. Nakala yangu ni ya zamani, jalada limeshikwa na gundi. Dada yangu na mumewe walikuwa wamekwenda Chunya kufuata dhahabu na kuniachia mtoto, na mimi sikujua namna ya kuzijaza jioni zake. Kusoma ndiyo njia niliyoipata.

Wengi wetu tulikisoma shuleni tukakisahau. Ni hadithi ya ndugu watatu wanaosafiri baharini kwa biashara. Adili ana moyo mzuri. Wenzake wanaitwa Hasidi na Mwivu, na majina yao yanatosha kukueleza tabia zao. Katika safari ile kuna kiu melini, kuna kiumbe anayeokolewa na kumbe ni jini wa kike aitwaye Huria, kuna mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na humo yumo binti mmoja aliye hai, Mwelekevu. Adili anarudi melini na binti na mali. Ndugu zake wanashindwa kuvumilia kuona. Wanamtupa baharini.

Huria anamwokoa, kisha anawageuza Hasidi na Mwivu kuwa manyani, na kumwamuru Adili awapige mijeledi kila usiku. Adili anakuwa liwali wa Janibu, mtu mwenye heshima, lakini usiku anashika mjeledi na kuwapiga ndugu zake waliofungwa minyororo, kisha anawalisha. Siri hiyo inaonwa na Sarahani, mjumbe wa Mfalme Rai, naye anaifikisha kwa mfalme.

Usiku wa tatu baada ya tukio la zebaki sikutaka kusoma. Nilikuwa bado na hasira. Mtoto mwenyewe ndiye aliyeleta kitabu, akakiweka juu ya meza bila kusema neno, akakaa mbali. Nikaona nikikataa itakuwa adhabu ya tatu. Nikafungua, na tulikuwa tumefika hapo hapo kwenye mjeledi.

Nikasoma. Alisikiliza akitazama sakafu. Nilipofunga aliniuliza, "Mamdogo, aliwachapa mpaka wakawa watu?"

Nikamwambia asubiri, tutaona mbele. Mtoto akalala. Mimi nikabaki nimeshika kitabu, nikakisoma peke yangu hadi mwisho, maana nilikuwa sikumbuki.

Jibu ni hapana. Mijeledi ile haikuwarudisha kuwa watu hata kidogo. Mfalme Rai alipojua habari yao aliwaombea, wakasamehewa, na hapo ndipo ngozi ya unyani ilipowatoka. Hadithi hii ina mzizi katika Alfu Lela Ulela. Huko ndugu wawili waligeuzwa mbwa, na waliporudishiwa umbo lao wakarudia uovu wao, wakaangamia. Shaaban Robert aliichukua, akabadilisha mbwa kuwa manyani, na akawapa ndugu wale mwisho mwingine. Aliamua kwamba hata mtu anayeitwa Hasidi anaweza kubadilika.

Mtoto aliyelala juu ya dhahabu

Mwaka huo huo wa 1952, huko Uingereza, mwandishi C. S. Lewis alitoa hadithi ya watoto inayosimulia safari ya meli, The Voyage of the Dawn Treader. Niliisoma nilipokuwa chuoni Mwanza, na ilitengenezwa filamu mwaka 2010. Shaaban Robert alikuwa Mwislamu wa Tanga na Lewis alikuwa Mkristo wa Uingereza, na sina sababu ya kudhani kwamba mmoja alimsoma mwenzake. Lakini nilipolala usiku ule niliikumbuka hadithi ya Lewis, na nikashangaa jinsi hadithi hizo mbili zinavyoelekea bandari moja.

Humo yumo mvulana aitwaye Eustace. Ni mbishi, mlalamikaji, hataki kazi, na ana daftari anamoandika kila siku jinsi wenzake wote melini walivyo wabaya. Kila mtu ana kosa isipokuwa yeye. Meli inapofika kwenye kisiwa kimoja anakwepa kazi na kwenda peke yake, anaingia kwenye pango la joka, anakuta hazina. Anavaa bangili ya dhahabu mkononi, analala juu ya mali ile huku akiwaza tamaa zake, na anapoamka amekuwa joka. Bangili iliyomtosha vizuri alipokuwa mtoto sasa inamkaba mguu mnene wa joka na kumuumiza.

Nadhani hakuna wilaya Tanzania ambako watoto wangeielewa hadithi hiyo haraka kuliko huku kwetu. Mtoto wa Katoro amekwisha kuona mtu aliyelala juu ya dhahabu akaamka mtu mwingine. Ameona baba aliyepata akahama nyumba, na ameona aliyekosa akarudi akiwa na hasira na kila mtu.

Eustace anajaribu kujivua ngozi ya joka mwenyewe. Anajichuna, ngozi inatoka, lakini chini yake ipo nyingine. Anajichuna tena, na tena, hadi mara tatu. Mwishowe anajilaza mbele ya Simba, ambaye katika hadithi za Lewis anasimama mahali pa Mwokozi, naye anamchuna kwa makucha yake. Inauma kuliko kitu chochote alichowahi kukisikia. Kisha anatupwa majini, na anatoka humo akiwa mvulana.

Nikajipima. Mimi nilikuwa nimeshika fimbo nikidhani ninamchuna mtoto ngozi ya wizi. Lakini kiboko hakichuni. Humfanya mtoto ajikunyate tu ndani ya ngozi ile ile. Nilichokiona kwa siku tatu kilikuwa hicho: alianza kunijibu kwa neno moja, na alipokuwa akisikia hatua zangu alikuwa anatoka chumbani.

Neno la bibi

Kesho yake nilimweleza mama yangu kwamba sitamchapa tena, ila sijui nifanye nini. Mama hajasoma Lewis wala Shaaban Robert. Alikuwa anamenya viazi. Akaniuliza, "Mayu, zile siku mbili ulikuwa unamchapa mtoto, au ulikuwa unamchapa dada yako?"

Nilitaka kukasirika. Nikaenda kukaa chumbani. Lakini alikuwa amesema kweli. Nilikuwa na kinyongo na dada yangu tangu alipoondoka. Aliondoka na ndoto yake akaniachia ada, sare, malaria za usiku na mikutano ya wazazi, wakati mimi sina mtoto wangu na kazi yangu ni ya kusafiri. Simu zake nilikuwa nazipokea kwa dakika moja moja. Na kila mtoto alipokosea, mimi nilimwona yeye. Kama Eustace, nilikuwa na daftari langu kichwani, limejaa makosa ya watu wote isipokuwa ya kwangu.

Jioni hiyo nilimwita mtoto nikamuuliza swali ambalo sikuwa nimeliuliza mara zote mbili nilipokuwa na fimbo: ile dhahabu ungeipata, ungefanyia nini?

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Nauli ya Chunya."

Hakuongeza kitu. Sikuwa na la kumjibu.

Toba ina hatua zake

Mzazi mwenzangu, usinielewe vibaya. Kusema kwamba fimbo haikumgeuza siyo kusema kwamba kosa lilikuwa dogo. Bibi alikaa siku kadhaa bila dawa za presha hadi nilipopata pesa nyingine, na presha haisubiri. Mvuke ule ungeweza kuwadhuru wote wawili. Hasidi na Mwivu nao hawakufanya mzaha, walimtupa ndugu yao baharini.

Hadithi za bahari huwa hazifichi kosa, na nadhani ndiyo sababu zinafaa kwa watoto. Melini hakuna mlango wa kutokea. Ukikosana na mwenzako asubuhi, mchana mtakula pamoja na usiku mtalala chombo kimoja. Hata Nabii Yunus, ambaye majirani zangu Wakristo wanamwita Yona, alifikiri kupanda chombo ni kukimbia, na ndani ya chombo hicho hicho jambo lake likajulikana. Nyumba yetu ya vyumba vitatu ni chombo cha namna hiyo. Hakuna pa kwenda.

Dini zetu zote mbili za hapa Katoro zinafundisha kwamba toba ina hatua: kulikiri kosa, kuliacha, kunuia kutolirudia, na kama ulichukua cha mtu, kukirudisha. Tuliifuata njia hiyo kwa kadiri ya nyumba yetu.

Kwanza mtoto alikwenda kwa bibi mwenyewe. Sikumsindikiza. Alipiga magoti, akaamkia, akasema alichokifanya. Bibi alimwambia atamsamehe, lakini pesa yake anaitaka.

Pili, alianza kuilipa. Bibi huuza karanga za kukaanga mbele ya nyumba, na kila Jumamosi mtoto alizifunga kwenye vifuko na kukaa naye. Bibi alimkatia shilingi 1,000 kwa kila Jumamosi na kuiandika kwenye daftari. Alimaliza deni baada ya takriban miezi saba. Siku ya mwisho bibi alimpa daftari lenyewe alihifadhi.

Tatu, nilimpeleka hospitali nikamweleza daktari ukweli wote, kwamba mtoto amevuta mvuke wa zebaki. Hili nawasihi wazazi wa machimboni, msione aibu kulisema. Mtoto anayetetemeka mikono, anayesahau sana, anayebadilika ghafla tabia au kulalamika kichwa mara kwa mara, daktari anahitaji kujua kama nyumbani kwenu kuna anayechoma zebaki. Donge lisichomwe jikoni, wala chumbani, wala karibu na mtoto au mjamzito. Na nguo za mwaloni zisifuliwe pamoja na za watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanya kazi za hatari, na machimbo yamo. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto katika machimbo madogo ya Tanzania, Geita ikiwamo. Nilipokuwa naisoma kwa ajili ya kazi nilidhani inazungumzia watoto wa watu wengine.

Nne, na hili lilikuwa langu, nilimpigia dada yangu. Nilimwambia mwanawe alikuwa anatafuta nauli. Alilia, na mimi nikalia. Nilimwomba radhi kwa zile simu za dakika moja, naye akaniomba radhi kwa kuondoka kama mtu anayekimbia. Tangu hapo kila Jumapili jioni simu ni ya mtoto. Huondoka nayo hadi chini ya mwembe, na hatumsikilizi anachosema.

Joka halitoki lote siku moja

Sitaki kuwadanganya kwamba yaliisha hapo. Lewis mwenyewe anaeleza kwamba Eustace alianza tu kuwa mtoto mwingine, na kwamba zipo siku alirudia ukorofi wake. Wa kwangu naye, mwezi wa tatu baada ya tukio, mwalimu alinipigia kwamba hayupo darasani. Nilijua alipo. Nilimkuta mwaloni amekaa juu ya kiroba, anatazama wenzake wanaosha. Mkononi hakuwa na kitu.

Nilihisi mkono wangu unatafuta fimbo. Nikakaa naye juu ya kiroba. Baada ya muda aliniambia kwamba mama yake hakupiga simu Jumapili iliyopita. Nikamwambia mtandao wa huko ulikuwa unasumbua, hata mimi nilimkosa. Tukarudi nyumbani kwa miguu.

Nimejifunza kutotafuta siku ambayo mtoto "amebadilika". Ninatafuta vitu vidogo. Siku hizi akivunja glasi anakuja kusema kabla sijaiona. Mimi nami, nikirudi nimechoka, ninamwambia nimechoka, ili asidhani nimemkasirikia. Nadhani sote wawili tumevuliwa ngozi moja, na chini yake zipo nyingine.

Desemba tulikwenda Chato, yeye na mimi na bibi, tukakaa ufukweni tukatazama mitumbwi. Alikuwa ameshaliona ziwa, lakini hakuwa amewahi kukaa kulitazama. Hapo ndipo nilipomsimulia hadithi ya Eustace, maana kitabu ni cha Kiingereza na nakala sina. Aliisikiliza yote bila kunikatiza, hadi pale Simba anapomchuna, akashika mkono wake kama vile unamuuma.

Kisha akauliza, "Na ile bangili waliifanya nini?"

Nikamwambia hakuna aliyeitaka. Mfalme kijana Caspian aliirusha juu, ikanasa kwenye mwamba mrefu mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kufika, ikabaki inaning'inia huko.

Alicheka. "Mamdogo, ingekuwa Katoro wangefika. Wangeuvunja huo mwamba wote."

Bibi naye akacheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Nilimuuliza mtoto, na wewe je, ungepanda?

Akatazama majini kwanza. "Ningeangalia kama kuna mtu ananisubiri chini," akasema, kisha akaniomba pesa ya sambusa.